Judo ya Wanaume na ya Wanawake: Historia ya Tofauti na Istilahi Zake

Mfasiri anayekabidhiwa kanuni za judo hukutana mapema na swali ambalo kamusi haimsaidii: je, tofauti baina ya mchezaji mwanamume na mchezaji mwanamke iwekwe katika jina la mchezo, katika jina la mchezaji, au katika kanuni peke yake? Hapana budi kwanza kuitazama historia.

Judo iliasisiwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882. Idara ya wanawake katika chuo chake cha Kodokan ilianzishwa mwaka 1926, lakini wanawake walifundishwa zaidi mazoezi ya mpangilio kuliko mapambano, na mashindano waliyakosa. Kijapani kikapata neno joshi judo, yaani judo ya wanawake. Ile ya wanaume ikabaki judo tu. Keiko Fukuda, mmoja wa wanafunzi wa Kano, alipewa dani ya tano mwaka 1953, akakaa nayo takriban miaka ishirini kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kupanda zaidi.

Nchini Marekani, Rena Kanokogi alishiriki mashindano ya YMCA ya jimbo la New York mwaka 1959 akiwa amejifanya mwanamume. Alishinda pambano lake, kisha akavuliwa medali alipokiri kuwa ni mwanamke. Ni yeye aliyeongoza maandalizi ya mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake, mjini New York mwaka 1980. Wanaume walikuwa na yao tangu 1956. Katika Olimpiki, wanaume walianza Tokyo mwaka 1964. Wanawake walicheza kwa maonyesho tu huko Seoul mwaka 1988, wakapata medali kamili Barcelona mwaka 1992.

Sasa tuzitazame kanuni. Kwa muda mrefu mkanda mweusi wa mwanamke ulitiwa mstari mweupe katikati. Shirikisho la Kimataifa liliuondoa katika mashindano yake mwaka 1999, na Japani ikafuata kwa mashindano yake ya ndani mwaka 2017. Muda wa pambano nao umepanda na kushuka: London mwaka 2012 wote walicheza dakika 5, Rio mwaka 2016 wanaume 5 na wanawake 4, tangu 2017 wote dakika 4. Mwenye kudai kwamba dakika zile zilitokana na maumbile atupe sababu ya maumbile kubadilika mara mbili katika miaka mitano. Kilichosalia ni kidogo: madaraja saba ya uzito kwa kila upande, wanaume kuanzia kilo 60 hadi zaidi ya 100, wanawake kuanzia 48 hadi zaidi ya 78, pamoja na fulana nyeupe ambayo mwanamke huivaa ndani ya koti. Ipponi ni ile ile.

Kiswahili kina bahati hapa. Neno mchezaji halina jinsia, na ngeli yake haiibagui. Hata hivyo, aghalabu tafsiri huandika “wachezaji” kwa wanaume na “wachezaji wa kike” kwa wanawake, na hivyo kuurudisha ule upungufu wa joshi judo tusioulazimika. Tena, -a kike hubeba maana ya namna: mavazi ya kike, sauti ya kike. “Judo ya kike” humfanya msomaji adhani kuna judo ya aina nyingine, nyororo zaidi. Yafaa kuandika “mashindano ya wanaume” na “mashindano ya wanawake”, pande zote mbili zikitajwa, au zote zisitajwe.

Jambo hili huonekana wazi katika mashindano ya timu mchanganyiko, yaliyoingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, ambamo Ufaransa iliishinda Japani katika fainali. Kila timu ina wanaume watatu na wanawake watatu. Wanawake hupambana katika kilo 57, 70 na zaidi ya 70. Wanaume katika 73, 90 na zaidi ya 90. Orodha ni moja, na ushindi wa kila mmoja huhesabiwa sawa. Mfasiri akiandika “wanawake” kando ya 70, basi aandike “wanaume” kando ya 73.