Daumier na Behewa la Daraja la Tatu

Wapo wahakiki wanaodai kwamba Honoré Daumier aliikimbia siasa. Mwaka 1832 mchoraji huyu wa Ufaransa alifungwa kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu linalolishwa mali ya raia. Sheria za Septemba 1835 zilipoibana kejeli ya kisiasa katika picha, akageukia maisha ya kila siku: mawakili, wapangaji, wasafiri wa reli. Basi, eti moto ukazimika. Mimi sikubaliani nao.

Hebu tuitazame reli yenyewe. Tarehe 8 Mei 1842, huko Meudon, ekseli ya injini ya treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilivunjika, mabehewa yakashika moto. Abiria walikuwa wamefungiwa ndani kwa ufunguo, maana ndiyo iliyokuwa desturi. Zaidi ya 50 walikufa. Mwaka uliofuata gazeti la Le Charivari likachapa mfululizo wa Daumier kuhusu reli, picha zilizochorwa juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta. Wasomaji wake walikuwa wakiishi na hofu ile ile.

Siasa iko wapi? Imo behewani. Daraja la kwanza lilikuwa na viti vya mito. La tatu, miaka ile ya mwanzo, mara nyingi halikuwa hata na paa. Chapa moja ya 1856 inawaonyesha abiria wa daraja la tatu wakiteseka kwa baridi, na maelezo ya chini yanasema tu kwamba hamu yao ya daraja hilo inazidi kupungua wakati wa kipupwe. Mdhibiti angeshika nini hapo? Hakuna mfalme wala waziri. Kuna nauli na baridi. (Maelezo ya namna hii mara nyingi yaliandikwa na watu wengine gazetini. Sisi wa fasihi tuna kasoro ya kusoma maneno tukaisahau picha.)

Nakiri jambo moja: kicheko chenyewe kinamwangukia pia anayeteseka. Nadhani Daumier aliliona hilo. Alipolirudia behewa la daraja la tatu kwa rangi za mafuta, miaka ya 1860, alimweka mbele bibi kizee mwenye kikapu, mama anayemnyonyesha mtoto na kijana aliyelala. Picha haina maelezo chini, na hakuna anayechekwa.