Kilimanjaro na Wageni Wake: Historia ya Mipaka na Mizigo

Mlima Kilimanjaro umesimama peke yake katikati ya nyika, mfano wa kisiwa katikati ya bahari. Chini yake ni nchi ya jua kali na mvua haba. Juu ya nchi hiyo huanza vihamba vya migomba na kahawa, kisha msitu, kisha vichaka vya nchi ya baridi, kisha jangwa la mawe, na mwisho barafu ya Kibo. Kama kisiwa kilivyo na ufuko, mlima nao una ufuko wake, ambao ni mstari unaotenga mashamba na msitu. Katika msitu wa upande wa kusini ndimo mvua hunyesha kwa wingi kuliko mahali pengine pote mlimani, na kutoka humo Wachagga walichimba mifongo tangu zamani, wakayateremsha maji hata kwenye migomba yao. Kwa hiyo mtu apangaye namna ya kuwapokea wageni wa mlima hapangi njia ya kupandia tu; apanga pia maji, kuni na riziki ya watu waishio chini yake.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo ni kipimo chema cha kupimia historia ya utalii wa Kilimanjaro. Wageni wamekuja, na bado waja. Linalofaa kuulizwa ni kama mwenyeji amepona.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo kwa macho yake. Habari zake zilipochapishwa Uingereza mwaka uliofuata, wataalamu wa jiografia waliokaa mezani London walizikanusha, wakidai kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Katika masimulizi hayo watu wengi humkumbuka Rebmann na wapinzani wake, lakini humsahau Bwana Kheri, Mswahili wa pwani aliyemwongoza. Usahaulifu huo ulikuwa mwanzo wa desturi ndefu. Baron Karl Klaus von der Decken alifika mwaka 1861, akarudi mwaka 1862. Charles New aliifikia theluji mwaka 1871. Na tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikanyaga kilele cha Kibo. Majina yao yaliingia vitabuni. Mwini Amani wa Pangani, aliyemhudumia Meyer katika kambi ya juu penye baridi kali, hajulikani na wengi. Na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye masimulizi ya kwao humtaja kuwa ndiye aliyeiongoza safari ile, hakupewa heshima ya hadharani mpaka miaka mia moja ilipotimia, mwaka 1989.

Hata hivyo, zama hizo mlima haukuwa bila mwenyewe. Mgeni aliyetaka kupita katika nchi ya mangi alitoa hongo, yaani malipo ya njia, na kwa malipo hayo alipata chakula, waongozaji na amani. Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara, alijua sana thamani ya mgeni, na Marealle wa Marangu naye alimpokea Meyer kwa hesabu zake za siasa. Hongo haikuwa haki tupu, kwa maana mangi aliweza kudai kupita kiasi. Lakini ilikuwa kiingilio kilichotozwa na mwenyeji, na kikabaki kwa mwenyeji. Utaratibu huo ulikatwa na utawala wa Kijerumani. Mangi Meli wa Moshi aliponyongwa mwezi wa Machi 1900, ilidhihirika kwamba ufunguo wa mlima umehamia mikono mingine. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na mlimani vikajengwa vibanda viwili vya wapandaji: kimoja kiliitwa kwa jina la Bismarck, na cha pili kwa jina la Carl Peters, mtu ambaye ukatili wake katika nchi hiyohiyo ya Kilimanjaro ulimfukuzisha kazi mwaka 1897.

Serikali ya Kiingereza iliufanya msitu kuwa hifadhi mwaka 1921. Nia ya kuyalinda maji ilikuwa njema, ila mstari ulichorwa juu ya maisha ya watu waliozoea kuteka msituni kuni, miti ya kujengea na majani ya ng'ombe, kwani ng'ombe wa kihamba hafungwi malishoni. Huletewa majani zizini. Miaka 20 ilipita ndipo likapatikana shauri la busara zaidi. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili kwa upana kwenye ukingo wa chini wa msitu, ukawekwa chini ya Baraza la Wachagga, ili wenyeji wapande miti na kupata mahitaji yao humo, na msitu wa juu ubaki mzima. Watu wakauita Nusu Maili. Ukanda huo ulikuwa mpaka wenye unene, si uzi mwembamba wa ramani. Ulikuwa mahali ambapo hifadhi na haja vilikutana bila kupigana. Mchagga aliulewa mpaka wa namna hiyo, maana kihamba chake huzungushiwa masale, na isale hilohilo hupelekwa na mtu aombaye msamaha kwa jirani yake. Mmea mmoja hutenga na hupatanisha.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupeleka mwenge na bendera kileleni, na kilele kikaitwa Uhuru. Vibanda vya zamani navyo vilipewa majina mapya, Mandara na Horombo. Mwaka 1963 chuo cha kufundisha uhifadhi wa wanyama kilifunguliwa Mweka, juu ya mji wa Moshi, ili Waafrika washike wenyewe kazi ya hifadhi. Kubadili majina kulikuwa rahisi. Kubadili mgawanyo wa faida kulihitaji fikira. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha gazetini mjadala mkali juu ya utalii, wakihoji kama nchi ya ujamaa yaweza kujengwa kwa fedha za watu wanaokuja kustarehe na kutumikiwa. Wengine walijibu kwamba nchi maskini haiwezi kuikataa fedha ya kigeni. Issa Shivji aliyakusanya maandishi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Mwaka huohuo Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa kwa nchi iliyo juu ya mita 2,700, na mwaka 1977 ikafunguliwa kwa wageni. Swali la vijana wale halikupata jibu; liliachwa mlangoni mwa hifadhi, na wageni wakapita.

Upungufu mmoja wa mipango hiyo waonekana wazi ukilinganishwa na kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro walijiunga katika chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 likawa shirika kubwa la ushirika, KNCU, lililouza zao lao na kuwatetea mbele ya serikali. Kazi ya kuwapandisha wageni haikupata chombo chenye nguvu ya namna hiyo. Mpagazi, ambaye katika lugha ya kazi huitwa mgumu, alibaki mtu mmojammoja langoni, akingoja kuitwa. Aliyevaa viatu vibovu alipanda navyo. Aliyekosa koti alilala na baridi. Na wako waliokufa kwa baridi na kwa ugonjwa wa kimo. Leo sheria ya hifadhi yaweka kikomo cha mzigo kuwa kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Tangu mwaka 2003 umekuwako mradi maalumu wa kuwasaidia wapagazi hao kupata mavazi na ujira wa haki. Hayo ni maendeleo, lakini yalikuja zaidi ya miaka 110 baada ya safari ya Meyer.

Mpaka nao uliendelea kusogea. Mwaka 1987 hifadhi iliingizwa katika urithi wa dunia, na mwaka 2005 ilipanuliwa, ikaumeza msitu wote pamoja na Nusu Maili. Waliopanua walikuwa na hoja: miti ilikatwa, na usimamizi wa ukanda ule ulikuwa umehamishwa mara kwa mara hata ukalegea. Lakini dawa ya usimamizi mbaya si lazima iwe kumwondoa msimamizi. Katika bahari ya Tanzania iko njia nyingine. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina vijiji ndani ya mipaka yake, nayo imegawanywa sehemu: mahali pasipovuliwa kabisa, na mahali ambapo mvuvi mwenyeji huvua kwa masharti. Migogoro haikukosekana Mafia, ila kanuni yake ni ileile ya Nusu Maili: mwenyeji ahesabiwe ndani ya mpango. Visiwa vya bahari vinaishika kanuni ambayo kisiwa cha nyika kilikuwa nayo, kisha kikaiacha.

Siku hizi watu wapatao 50,000 hupanda Kilimanjaro kila mwaka, na ada zao husaidia kuziendesha hata hifadhi nyingine zisizojitosheleza. Wakati huohuo barafu iliyokuwa na kadiri ya kilomita 12 za mraba mwaka 1912 ilibaki chini ya 2 mwaka 2011. Wapandaji sio walioiyeyusha. Imeondolewa na mabadiliko ya hali ya hewa, na hakuna ada ya langoni iwezayo kuirudisha. Msitu, kinyume chake, wategemea mikono ya jirani. Moto ulipowaka mlimani mwezi wa Oktoba 2020, watu wa vijijini na wanafunzi wa Mweka walikuwa miongoni mwa waliopanda kuuzima. Na serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba inafikiria kuweka magari ya kamba ya kuwapandisha watalii, waliopaza sauti kwanza ni waongozaji na wagumu, waliouliza watakula nini.

Sauti hiyo haikuwa ya ukaidi. Ilikuwa swali la kwanza la kila mpango, nalo liliulizwa na watu ambao kwa desturi huulizwa mwisho. Mlima waweza kuwekewa lango, kikomo na walinzi. Lakini mlinzi wa daima ni yule ambaye mfongo wake hukauka msitu ukifa. Huyo akipewa sehemu katika faida na kauli katika mpaka, atalinda bila kusimamiwa. Akinyimwa, kila mstari utakaochorwa utahitaji askari wa kuulinda usiku na mchana, na mgeni atakuwa amekuja, mwenyeji asipone.