Safu ya Lugha: Risasi na ganda lake

Magazeti yetu huandika kuwa "risasi tupu" zimeokotwa. Hakuna risasi tupu. Kinachobaki chini ni ganda. Risasi, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni jina la madini yale mazito na pia la kile kinachoruka kutoka mtutuni. Vipunje vya kuwindia ndege vinaitwa marisau.

Walenga shabaha wa bunduki ya .22 waijue tofauti hii ya risasi na ganda. Fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda, si katikati ya kitako, kwa hiyo ganda lililotumika ni vigumu kulijaza tena, na kwa kawaida hutupwa. Waandishi, ganda liitwe ganda.