Rarámuri, kengele na korima

Wengi wanawaita Watarahumara. Wenyewe wanajiita Rarámuri. Wako kaskazini mwa Meksiko, jimbo la Chihuahua, kwenye milima ya Sierra Madre na makorongo yake marefu. Wanalima mahindi na maharage, na nyumba zao zimetawanyika, kila familia na shamba lake.

Wamisionari wa Kijezuiti walianza kuwafikia mwanzoni mwa miaka ya 1600. Walileta Injili, lakini pia mifugo na mbegu mpya. Sharti lilikuwa moja: hameni, mje mkae pamoja karibu na kanisa, padre awafundishe vizuri. Sisi tunaokaa kwa bloku na namba ya nyumba, hapo hatuhitaji maelezo mengi.

Sasa, kuwakusanya watu ni kukusanya na magonjwa. Ndui na surua zikapita kwenye vijiji vya misheni. Halafu 1631 madini ya fedha yakagunduliwa Parral, na migodi ikataka vibarua. Aliyekaa karibu na kanisa ndiye aliyekuwa rahisi kukamatwa. Kuna waliosema kengele za kanisa ndizo zinaita ugonjwa. Mtu anaweza kucheka. Mimi sicheki, maana kengele ilipolia ndipo watu walipokufa.

Waliasi mara kadhaa. Kiongozi wao Teporaca alinyongwa na Wahispania 1653. Wengine hawakupigana, waliingia tu ndani zaidi ya makorongo. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania akawafukuza Wajezuiti wote, lakini dini ilibaki! Rarámuri wakaishika wenyewe kwa namna yao, na ngoma zao za Pasaka zinachezwa mpaka leo.

Ndugu zetu wa mashirika, shikeni neno hili: korima. Mwenye njaa anakwenda kwa mwenye mahindi, anasema korima, anapewa. Siyo deni, siyo sadaka. Hakuna fomu. Hilo walikuwa nalo bila kufundishwa na mmisionari.

Wajezuiti walirudi 1900, wakafungua shule za bweni, watoto wakakaa mbali na wazazi. Naona ni kosa lilelile la kukusanya. Baadaye kidogo walibadilika: Padre Luis Verplancken alijenga kliniki Creel, akawatafutia watu maji safi hukohuko wanakoishi.

Juni 2022, mapadre wazee Javier Campos na Joaquín Mora walipigwa risasi ndani ya kanisa la Cerocahui, kwa sababu ya mtu aliyekimbilia humo. Walikuwa wamekaa milimani miaka mingi. Wamezikwa palepale.