Nani Ashike Ufunguo? Kisa cha Kuzaliwa kwa Git

Leo naanza na karatasi iliyokuwa imebandikwa ukutani.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa katika kampuni ndogo hapa Nairobi. Tulikuwa waandishi wa programu wanne. Msimbo wote ulikaa kwenye seva moja na sheria ilikuwa hivi: ukitaka kugusa faili, andika jina lako na jina la faili kwenye ile karatasi. Ukimaliza, jifute. Jina lako likiwa pale, wengine wote mikono nyuma.

Alhamisi moja kabla ya Pasaka mwenzetu alijiandikisha kwenye faili ya malipo, akasahau kujifuta, akapanda basi kwenda kwao Kakamega. Jumamosi wateja wakaanza kutozwa mara mbili. Tukampigia simu, hapatikani. Tukavunja sheria, tukarekebisha hitilafu, mambo yakatulia. Jumanne jamaa akarudi na nakala yake kwenye laptopu, akaipandisha juu ya yetu bila kujua lolote, na wateja wakaanza tena kutozwa mara mbili! Mkubwa alifoka, kisha akatoa uamuzi: kuanzia siku hiyo karatasi itakaa ofisini mwake, na atakayetaka kuandika jina abishe hodi kwanza.

Hakuna aliyeuliza kama tatizo lilikuwa karatasi yenyewe. Mimi nilirudi nyumbani na swali ambalo limenifanya nisome historia nyingi tangu wakati huo: kazi ya kubuni inataka uhuru, na pesa za watu zinataka udhibiti. Sasa hiyo kufuli iwekwe wapi?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwaka 1972, katika maabara za Bell kule Marekani, Marc Rochkind aliandika programu iliyoitwa SCCS. Ilitunza kila badiliko la faili: nani alibadilisha, lini, na nini. Lakini ukiichukua faili kuihariri, inafungwa, na mwingine hawezi kuihariri mpaka uirudishe. Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS, iliyohifadhi toleo jipya zima na kuweka tofauti tu za matoleo ya nyuma. Ilikuwa nyepesi zaidi, ila kufuli ilikuwa ile ile. Fikra yao ilikuwa kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa maneno mengine, karatasi yetu ya Nairobi ilikuwa teknolojia ya mwaka 1972, tena bila tarakilishi!

Aliyeanza kuitilia shaka kufuli hiyo alikuwa mwalimu. Dick Grune alifundisha Vrije Universiteit, Amsterdam, na alikuwa akitengeneza kompaila ya lugha ya C pamoja na wanafunzi wake wawili. Ratiba zao hazikupatana: mmoja yuko kazini, mwingine amelala, wa tatu ana masomo. Kufungiana faili kungewakwamisha wote. Basi akaandika skripti juu ya RCS, na mwaka 1986 akazitoa kwa umma kwa jina la CVS. Kila mtu achukue nakala yake, ahariri anavyotaka, kisha mabadiliko yaunganishwe. Wawili wakiwa wamegusa mstari mmoja, programu inasimama na kuwaambia wapatane wenyewe. Kwa vitendo ikaonekana kwamba watu wengi katika mradi mmoja hugusa sehemu tofauti, na fahali wale hawakupigana kama ilivyohofiwa.

Hata hivyo kufuli haikutoweka. Ilihama kutoka kwenye faili ikaenda kwenye seva. Historia yote ilikaa mahali pamoja, na ili uandike humo ulihitaji ruhusa. Wakatokea watu wa aina mbili: wenye ruhusa na waombaji.

Sasa tuingie Finland. Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji kama jambo la kujifurahisha tu. Huo ndio Linux. Kwa zaidi ya miaka kumi Torvalds hakutumia CVS wala kitu cha aina yake kutunza kiini cha Linux. Watu walimtumia viraka kwa barua pepe. Akisoma na kupenda, anatia. Asipopenda, hatii.

Mradi ukiwa na watu kumi hilo linawezekana. Walipokuwa mamia, barua zilifurika. Viraka vilipotea, na aliyetuma hakujua kama kazi yake imekataliwa au haijasomwa kabisa. Mwaka 1998 ugomvi ulilipuka hadharani: mtu mmoja ameshindwa kuwa mlango wa watu wote. Hapa pana funzo. Ubunifu wa watu wale haukuuawa na sheria kali. Ulikwama kwa sababu ya ukimya. Mtu anaweza kuvumilia kuambiwa "hapana", lakini ni wachache watakaoendelea kuchora kama kila mchoro unatumbukia shimoni.

Aliyekuja na dawa ni Larry McVoy, mwenye kampuni ya BitMover. Programu yake, BitKeeper, ilimpa kila mtu ghala zima la msimbo na historia yake yote kwenye mashine yake mwenyewe. Unafanya kazi bila kumwomba mtu ruhusa, kisha magala yanabadilishana mabadiliko. Februari 2002 Torvalds akaanza kuitumia, na kazi ikaenda mbio.

Lakini BitKeeper haikuwa programu huria. Watu wa Linux walipewa bure kwa masharti, na mojawapo la masharti hayo lilikuwa zito: anayetengeneza programu ya kushindana nayo haruhusiwi kuitumia. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, alilalamika. Torvalds akashikilia kwamba yeye anachagua chombo kinachofanya kazi.

Mambo yaliharibika mwaka 2005. Andrew Tridgell wa Australia, yule aliyeanzisha Samba, alitaka kujua jinsi ya kutoa historia ya msimbo kwenye seva ya BitKeeper bila kutumia programu ya McVoy. Aprili mwaka huo alisimama mbele ya mkutano wa Linux mjini Canberra akaonyesha alivyoanza. Aliunganisha kwenye seva kwa telnet, programu ya zamani ambayo kila mwanafunzi wa mitandao huifahamu, akaandika neno moja: help. Seva ikajibu kwa orodha ya amri zake! Alibisha hodi tu, na mwenye nyumba akamkaribisha.

McVoy aliona huo ni uvunjaji wa makubaliano, akaondoa toleo la bure. Torvalds naye alimkasirikia Tridgell waziwazi, ingawa wote wawili walikuwa wakilipwa na shirika moja, OSDL.

Tusimhukumu McVoy haraka. Alikuwa na wafanyakazi wa kulipa mishahara, na kitu alichokibuni kwa miaka mingi kilikuwa kinaanza kuigwa. Mimi nikiwa mahali pake ningekosa usingizi. Kosa lake, naona, ni kwamba hakutosheka kulinda msimbo wake. Alitaka kufunga pia udadisi wa watu, na udadisi ndio malighafi ya wale wale waliomfanya ajulikane.

Hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Torvalds alisimamisha kazi ya Linux akaanza kuandika chombo chake tarehe 3 Aprili 2005. Tarehe 6 alikitangaza. Tarehe 7 kilikuwa kinatunza msimbo wake chenyewe. Mwezi wa Juni toleo la Linux 2.6.12 likatoka likiwa limetunzwa nacho. Chombo hicho ndicho Git. Mwezi wa Julai alimkabidhi Junio Hamano, ambaye ameitunza Git kwa miaka mingi baada ya hapo.

Haya, Git ilijibuje swali letu? Kwanza, uhuru. Kila mtu ana ghala zima. Fungua tawi, haribu, futa, anza upya saa nane za usiku, hata kama stima imepotea na mtandao nao umepotea, mradi betri ina chaji. Hakuna anayekuona, hakuna wa kumwomba.

Pili, udhibiti uliofichwa ndani ya hesabu. Kila hatua unayohifadhi hupewa utambulisho wa herufi na tarakimu 40, unaokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na utambulisho wa hatua iliyotangulia. Ukibadilisha herufi moja katika kazi ya mwaka jana, utambulisho wote uliofuata unabadilika, na kila mwenye nakala ataona. Historia hailindwi na askari aliyekaa kwenye seva. Inajilinda yenyewe.

Tatu, mlango. Ghala la Torvalds ni la Torvalds. Unaweza kubuni upendavyo kwako, lakini kuingia kwake lazima kazi ipitie kwa wasimamizi wa kila sehemu, wanaosoma na kuuliza maswali. Tangu mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 kuhusu msimbo wa Linux, kila kiraka hubeba jina la aliyethibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Na tangu mwaka 2005 kuna wiki mbili za kupokea mambo mapya, kisha mlango unafungwa na wiki kadhaa zinakuwa za kurekebisha hitilafu pekee. Sheria ni nyingi kuliko za karatasi yetu ya ukutani! Tofauti ni kwamba zote zinasubiri mlangoni. Hakuna hata moja inayokufuata mezani unapojaribu wazo lako la kipumbavu.

Sisemi kwamba mambo yamekwisha. Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi kwa maneno makali aliyozoea kuwatupia watu, akapumzika kwa muda. Mlango ulio wazi haumsaidii mtu aliyetukanwa akiwa kizingitini. Mwaka huo huo Microsoft ilitangaza kuinunua GitHub kwa dola bilioni 7.5, na ghala ambalo Git ililitawanya kila mahali likarudi kukusanyika kwenye seva za kampuni moja. Julai 2019 watumiaji wa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamefungiwa baadhi ya huduma za GitHub kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kufuli ilirudi kupitia mlango wa nyuma. Lakini aliyekuwa na nakala kamili kwenye mashine yake hakupoteza historia yake, na kwa hilo ugomvi wa 2005 unastahili shukrani.

Kule kazini nilimwomba mkubwa atujaribishe kwa mwezi mmoja. Kila mtu na tawi lake, na hakuna kinachoingia kwenye malipo kabla mwenzako hajakisoma. Alisita, akakubali kwa sharti kwamba yeye awe msomaji wa mwisho. Wiki ya pili alichoka kusoma, akamkabidhi kazi hiyo yule jamaa wa Kakamega. Sijapata kuona msomaji mkali kama yule. Alinirudishia kiraka changu mara tatu kabla hakijapita, na mara zote tatu alikuwa na haki.

Karatasi ilibaki ofisini kwa mkubwa. Mara ya mwisho nilipoiona, alikuwa ameandika nyuma yake orodha ya vitu vya kununua Muthurwa.