Ahadi ni Deni: Historia Fupi ya Dhamana

Miaka kadhaa iliyopita, kwaya moja ya makazi ya Nakivale ilichanga fedha kwa miezi tisa ili inunue kinanda cha umeme. Wengine waliuza maharagwe, wengine walishona nguo. Hatimaye wajumbe watatu walisafiri hadi Mbarara, nami nikaombwa kuandamana nao kwa kuwa ni mwalimu. Ndani ya sanduku mlikuwa na kadi ya dhamana ya mtengenezaji, ile ambayo madukani huitwa waranti, yenye ahadi ya mwaka mmoja.

Wiki ya sita, noti zote za upande wa kulia zilinyamaza. Tuliporudi dukani, muuzaji aliitazama kadi akasema, "Hayo ni mambo ya kiwanda, si yangu." Mzee wa kwaya akaninong'oneza, "Mwalimu, twende. Sisi ni wakimbizi, nani atatusikiliza?" Tukaondoka. Nilikuwa na diploma ya ualimu, lakini sikuwa na jibu. Insha hii ni jibu langu lililochelewa.

Tuanze na neno lenyewe. Wanafunzi wengi hulijua neno "dhamana" kutokana na habari za mahakama: mshtakiwa ameachiliwa kwa dhamana. Neno hili lilitufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ni pana zaidi. Anayetoa dhamana hujitwisha wajibu: jambo likiharibika, yeye ndiye wa kuulizwa.

Wazo hilo ni la kale. Katika Roma ya zamani, maofisa wa soko waliwaamuru wauzaji wa watumwa na mifugo kutaja kasoro za kile walichouza. Kasoro ikifichwa, mnunuzi aliweza kukirudisha alichonunua na kudai fedha zake. Baadaye, nchini Uingereza, kanuni iliyotawala kwa muda mrefu ilikuwa kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893 iliweka katika maandishi masharti ya kumlinda: mfanyabiashara anapouza bidhaa za aina anayoshughulika nayo, huhesabiwa kuwa ameahidi ubora wake, hata kama hakutamka neno.

Karibu na wakati huohuo iliamuliwa kesi inayoihusu moja kwa moja kadi yetu. Mwaka 1891, kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilitangaza magazetini kwamba ingempa pauni 100 mtu yeyote ambaye angetumia kifaa chake cha dawa kama ilivyoelekezwa, kisha akapata mafua makali. Bibi Louisa Carlill alikinunua kifaa hicho kwa muuza dawa, si kwa kampuni. Alikitumia, naye akaugua. Kampuni ilijitetea kwamba tangazo lake lilikuwa maneno ya biashara tu. Desemba 1892, Mahakama ya Rufani ilimpa bibi huyo haki yake. Mtengenezaji aliyeuahidi umma kwa maandishi alibanwa na ahadi yake, hata kwa mnunuzi ambaye hakuwahi kumwona.

Historia hiyo ilifika kwetu pamoja na ukoloni, kwani kuanzia mwaka 1902 sheria za Kiingereza zilipewa nguvu katika Uganda. Leo tunayo sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, nayo imeendeleza kanuni hiyo ya ubora. Kwa hiyo, muuzaji wa Mbarara hakusema kweli yote. Kadi ilikuwa ahadi ya kiwanda, lakini mauzo yalikuwa yake. Dhamana ya mtengenezaji huongezwa juu ya wajibu wa muuzaji, haiufuti.

Je, kadi hiyo ina thamani gani basi? Inayo, lakini ina mipaka. Kwa kawaida hugharamia kasoro za kiwandani tu. Chombo kilichoangushwa, kilicholowa maji, kilichounguzwa na umeme usio sawa au kilichofunguliwa na fundi asiyeidhinishwa huachwa nje. Dhamana nyingi hutumika tu katika nchi ambamo chombo kiliuzwa. Nazo hudai risiti yenye tarehe. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Anayewasha kinanda kwa jenereta au sola Nakivale anapaswa kuyasoma masharti hayo kabla ya kulipa, si baada ya noti kunyamaza.

Lakini vipi kuhusu swali la mzee? Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Uganda ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hapo mwaka 1976, na ibara ya 16 ya mkataba huo inampa mkimbizi njia huru ya kufika mahakamani. Aidha, tangu mwaka 2011 ziko kanuni za madai madogo: dai lisilozidi shilingi milioni 10 laweza kusikilizwa na hakimu bila wakili. Bei ya kinanda chetu haikukaribia kiasi hicho. Palikuwa na mtu wa kutusikiliza; hatukujua mlango wake.

Kinanda kile kimefunikwa kitambaa hadi leo, na mwaka wa dhamana ulikwisha zamani. Kwaya inaimba kwa ngoma. Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Nami naongeza kwamba deni lisilodaiwa halilipwi. Tunzeni risiti zenu, someni kadi zenu, na mtu akiwaambia kwamba hamna pa kwenda, mwulizeni ni sheria gani inayosema hivyo.

Maswali ya kujadili:
1. Taja tofauti kati ya wajibu wa muuzaji na dhamana ya mtengenezaji.
2. Ungekuwa mjumbe wa kwaya, ungemjibuje muuzaji? Andika majibizano mafupi.