Mabinti Watano na Ploti ya Mjane

Nimeombwa niandike historia, nami nachukua historia ya ardhi, maana hapa Gudele ni shida ya ardhi inayoleta akina mama wengi kuombewa.

Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, watu walirudi Juba kwa wingi, wengine kutoka Khartoum, wengine Kakuma, Uganda na Kongo. Upande huu wa magharibi ya mji, kwenye ardhi ya Wabari, nyumba zikaota haraka. Kiswahili nacho kilirudi pamoja nasi ndani ya mabasi. Mume alipata ploti, karatasi ikaandikwa jina lake. Halafu ikaja Desemba 2013, damu ikamwagika hapahapa Gudele, na tena Julai 2016 mji ukawaka. Leo mume hayupo. Karatasi ina jina la marehemu, na shemeji anabisha hodi: ng'ombe wa mahari walilipwa, kwa hiyo mama akubali kurithiwa au afunge mizigo.

Sasa fungua Hesabu 27. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti za Selofehadi, wamefiwa na baba jangwani na hawana kaka. Hawakulalamika kisimani. Walikwenda kusimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa kukosa mtoto wa kiume. Musa hakujibu kwa mila. Alipeleka kesi kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wana haki. Wayahudi bado wanasoma habari hii kila mwaka katika sinagogi, na walimu wao wa zamani, katika Talmudi, waliwasifu hao watano kuwa wenye hekima na wajuzi wa sheria. Sisi Wapentekoste tunapita hapo mbio, eti ni majina tu!

Hata hivyo, wazee wa ukoo walirudi kwa Musa na sharti lao (Hesabu 36): mabinti waolewe ndani ya kabila ya baba yao. Wazee ni wazee, hata jangwani.

Nchi yetu nayo iliandika. Katiba ya 2005 ya Sudan Kusini, na ile ya mpito ya 2011, zote zinampa mwanamke haki ya kumiliki mali na kupata sehemu katika urithi wa marehemu mumewe. Sheria ya Ardhi ya 2009 inakataza kumnyima mtu ardhi kwa sababu ya jinsia. Basi, mbona mama analia?

Soma Yoshua 17. Musa alikwisha kufa, watu wamevuka Yordani, ardhi inagawanywa, na mabinti walewale wanasimama tena mbele ya Eleazari, Yoshua na wakuu, kukumbusha amri iliyokwisha kutolewa. Ndipo wakapewa. Kati ya amri na shamba kulikuwa na safari ya pili.

Hapa Gudele safari hiyo ya pili ni ya kwenda kwa chifu, payam na mahakamani. Mama akienda peke yake, anaambiwa arudi kesho. Akienda na mchungaji na wazee wawili wa kanisa, na karatasi ya marehemu mkononi, anapewa kiti.